Kujifunza kulea mtoto wa mbwa kabla ya kumfuga: Njia zilizopo kwa vijana wa Kyela

WAKATI wa likizo za Juni na Desemba, mabasi yanayoteremka kutoka Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kyela huwa na wanafunzi wengi wanaokwenda kuwatembelea bibi na babu zao. Baadhi yao wamekulia katika miji ambako mbwa hujulikana kwa sauti tu: yuko nyuma ya geti, amefungwa mchana na kufunguliwa usiku. Kyela hukuta hali nyingine. Mbwa analala uani, anaandamana na watoto hadi shambani na ufukweni, na si ajabu kumkuta nyuma ya jiko la nje mama mbwa akinyonyesha watoto watano au sita.

Likizo inapokwisha, ombi huwa lile lile: mtoto anataka kurudi mjini na mmoja wao. Wazee wengi hukubali, maana mnyama huyo hakununuliwa na uani wapo wengine. Miezi michache baadaye, aliyeombwa kwa machozi amegeuka mzigo. Hakuchanjwa, hakupewa dawa ya minyoo, alitenganishwa na mama yake mapema mno, na anayemlisha sasa ni mfanyakazi wa nyumbani.

Njia ya kuepuka hali hiyo ni kumpa kijana uzoefu kabla ya kumpa mnyama. Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mpakani Kasumulu hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, uzoefu huo unaweza kupatikana bila gharama kubwa, mradi mtu mzima awepo na kanuni chache za usalama zizingatiwe.

Kumkabidhi kijana wanyama si jambo geni katika eneo hilo. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza jinsi wavulana walivyochunga ng'ombe wa baba zao kwa makundi tangu wakiwa wadogo. Walipokaribia umri wa miaka 10 au zaidi kidogo, wavulana hao walianza kujenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji cha rika lao, huku wakiendelea kwenda kula kwa mama zao. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo vya marika kilichapishwa mwaka 1951. Jambo la kuazima hapo ni utaratibu wake: mtoto hakuanza kwa kumiliki ng'ombe. Alianza kwa kuchunga wa mzazi, mbele ya wenzake na chini ya macho ya wakubwa, miaka mingi kabla ya kuitwa mwenye mali.

Kwanza, kichaa cha mbwa

Mafunzo yoyote yanayohusu mbwa Tanzania hayana budi kuanza na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huenezwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki dunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) ulikadiria kuwa ugonjwa huo huua takriban watu 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, idadi kubwa kuliko ile iliyokuwa ikionekana katika taarifa za hospitali, kwa kuwa wengi hufia majumbani. WHO inaeleza pia kuwa asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Wapo wanaodhani kuwa mtoto wa mbwa, kwa udogo wake, hawezi kuwa na kichaa. Dhana hiyo ni ya hatari. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa huambukizwa kama mkubwa wake, na kwa kuwa kung'ata vidole ni sehemu ya michezo yake ya kila siku, mwanzoni hakuna anayeshtuka. Virusi vinaweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa au miezi kabla dalili hazijaonekana.

Kwa sababu hiyo, kijana anapaswa kufahamu hatua zifuatazo kwa moyo kabla hajaruhusiwa kumshika mnyama. Akiumwa, akiparuzwa au akilambwa penye kidonda, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Amwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama anaogopa kukaripiwa. Apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kuona kama kidonda kitapona, kwa kuwa kupona kwa kidonda hakuna uhusiano wowote na virusi. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa sindano kadhaa kwa ratiba maalumu. Haipatikani katika kila zahanati, na wakati mwingine mgonjwa huelekezwa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima, hafai kuuawa kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo aarifiwe.

Kukaripiwa ndiko kunakoua. Mtoto aliyekatazwa kucheza na mbwa, akang'atwa, huficha. Mzazi anayetaka mwanawe ajifunze kulea wanyama hana budi kumhakikishia mapema kwamba habari ya kung'atwa haitaleta fimbo.

Wiki nane uani

Shule ya kwanza na iliyo bora kuliko zote ni uani kwa ndugu au jirani mwenye mama mbwa aliyezaa. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63, na malezi ya watoto hadi umri wa kuweza kuondoka huchukua wiki nane. Muda huo ni mfupi kiasi kwamba kijana anaweza kuushuhudia wote, na ni mrefu kiasi cha kumchosha anayependa sura ya mnyama pekee. Mwanafunzi wa mjini aliyefika kwa likizo ya mwezi mmoja ataona nusu yake, na hiyo pia ni faida.

Katika wiki mbili za mwanzo kazi ya kijana ni kutazama zaidi kuliko kushika. Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa hawaoni wala hawasikii, na miili yao haiwezi kujipatia joto la kutosha. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufunguka siku chache baadaye. Hata katika joto la Kyela, mtoto wa mbwa aliyelowa usiku wa mvua anaweza kufa kwa baridi kabla ya asubuhi. Wilaya hiyo hupata mvua nyingi sana, hasa kati ya Machi na Mei, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika mara kwa mara. Kazi ya kwanza yenye maana, basi, ni kumtafutia mama mbwa mahali palipoinuka na pakavu, penye gunia au nguo kuukuu zinazobadilishwa kila zinapolowa.

Anayekaribia mama mbwa katika kipindi hicho aongozane na mtu ambaye mama huyo amemzoea. Mbwa mpole wa siku zote anaweza kung'ata akihisi kuwa wanawe wamo hatarini, na akifanya hivyo hana kosa. Mkono usipelekwe penye watoto wakati mama anakula au amelala.

Daftari moja na mizani ya jikoni vitamfundisha kijana mengi. Kila mtoto wa mbwa apewe alama, kwa mfano uzi wa rangi tofauti unaofungwa kwa kulegea na kubadilishwa anapokua, kisha apimwe uzito kila siku kwa saa ile ile. Mwenye afya huongezeka kila siku, na uzito aliozaliwa nao hufikia maradufu ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Asiyeongezeka kwa siku mbili ana tatizo: pengine ndugu zake humsukuma asifikie titi, pengine ni mgonjwa. Kijana atakayeona jambo hilo katika tarakimu kabla ya kuliona kwa macho atakuwa amejifunza kitu ambacho wafugaji wengi wakongwe hawakijui.

Kuanzia wiki ya nne huanza chakula laini, huku mama akiendelea kunyonyesha. Hapa Kyela ina neema yake. Uji wa mahindi mtupu au wali uliobaki hujaza tumbo bila kujenga misuli, lakini usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakichemshwa bila chumvi na kutwangwa, huongeza protini na madini yanayojenga mifupa. Yai lililochemshwa linafaa pia. Maziwa ya ng'ombe kwa wingi huwaharisha baadhi yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kabisa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha kali. Mtoto wa mbwa wa umri huo hula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, na anayepewa kazi ya kumlisha alfajiri kwa wiki nzima bila kukumbushwa ameonyesha zaidi ya atakayesema kwa maneno.

Minyoo nayo haisubiri. Mbwa wengi huambukizwa minyoo ya mviringo wakiwa bado tumboni mwa mama, au kupitia maziwa. Ndiyo sababu wataalamu hushauri dawa ya minyoo ianze wakiwa na umri wa wiki mbili, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, na mama apewe pia. Kipimo hutegemea uzito, na hapo lile daftari hupata kazi nyingine. Tumbo lililojaa kama ngoma kwa mtoto wa mbwa aliyekonda mgongo husifiwa mara nyingi kuwa ni kushiba. Kwa kawaida ni minyoo.

Wiki ya tatu hadi ya 12 au ya 14 ni kipindi ambacho mbwa hujifunza nani na nini visimtishe. Watafiti John Paul Scott na John Fuller wa Marekani walikieleza kipindi hicho kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1965, na elimu hiyo imeendelea kuthibitishwa. Mbwa ambaye hakuguswa na binadamu katika wiki hizo huweza kubaki mwoga maisha yake yote, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Kijana anaweza kuwa mwalimu hapa: kumshika kila mmoja kwa dakika chache, kumgusa makucha, masikio na mdomo, kumsikilizisha sauti ya redio, pikipiki ikipita, watoto wakicheka. Apumzishwe anapochoka.

Bado wapo wanaoamini kuwa mbwa huwa mkali kwa kulishwa pilipili, kufungwa gizani au kukatwa masikio kwa wembe. Mambo hayo humtesa mnyama na kumfanya asitabirike, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Kakao inayoanikwa na mchanga wa ufukweni

Ipo hatari ambayo vitabu vya kigeni huitaja kwa jina la chokoleti, lakini Kyela huanikwa juani. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hulimwa Kyela na maeneo jirani. Baada ya kuvunwa, mbegu zake huvundikwa kwa siku kadhaa na kisha kutandazwa kwenye mikeka au meza ili zikauke, mara nyingi hapo hapo uani wanapocheza watoto wa mbwa.

Mbegu za kakao zina kemikali iitwayo theobromini. Binadamu huiondoa mwilini kwa urahisi; mbwa huiondoa polepole sana, hivyo hujilimbikiza na kushambulia moyo na mishipa ya fahamu. Mbegu kavu zina kiasi kikubwa cha kemikali hiyo kuliko chokoleti ya dukani, na kwa mtoto wa mbwa mwenye uzito wa kilo mbili, punje chache tu zinatosha kuleta madhara. Dalili ni kutapika, kuharisha, kuhangaika bila kutulia, moyo kwenda mbio, kutetemeka na hatimaye degedege. Kuna mbwa wengi wanaoishi pembeni ya mikeka hiyo miaka yote bila kuzigusa, kwa kuwa ni chungu, lakini mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu. Kazi ya kuzungushia uzio mdogo mahali pa kuanikia, au kuwafungia watoto wa mbwa wakati huo, inamfaa kabisa kijana wa miaka 12.

Ufukweni nako kuna lake. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa hutoka na kinyesi, na katika mchanga wenye unyevu na joto huanguliwa kuwa viluwiluwi vinavyoweza kupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku. Kwa binadamu husababisha mstari mwekundu unaowasha na kusogea chini ya ngozi siku hadi siku. Mchanga wa Matema unapendwa na wageni na wenyeji, na kumpeleka huko mbwa ambaye hajapewa dawa ni kuwaachia wengine ugonjwa. Kinyesi kizolewe na kufukiwa mbali na maji. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika mnyama na kabla ya kula. Isitoshe, midomo ya mito inayoingia ziwani ina mamba, na mbwa mdogo anayecheza majini humvuta nyuma yake mtoto mdogo.

Kupe na viroboto wakaguliwe kila siku masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Funza wakionekana kwenye nyayo za mbwa, mtu mzima ndiye awatoe, na pini iliyotumika isitumiwe kwa binadamu.

Siku ya chanjo

Njia ya pili inawafaa hata vijana ambao nyumbani kwao mbwa hafugwi, ikiwa ni pamoja na familia za Kiislamu ambazo huepuka mate ya mbwa kwa sababu ya tohara. Ni kumsaidia afisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Katika sehemu nyingi za Tanzania, wanaowaleta mbwa kwenye vituo vya chanjo ni watoto, kwa kuwa ndio wanaowafahamu na kuweza kuwaongoza. Kijana anaweza kupiga mbiu mitaani siku moja kabla, kupanga foleni ili mbwa wasigombane, kuandika jina la mwenye mbwa na umri wa mnyama, na kujaza kadi. Hapo ataona katika saa tatu namna mbwa 50 wa tabia tofauti wanavyoshikwa, jambo ambalo uani kwao lingemchukua miaka.

Mpaka wake uko wazi. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inaacha kazi ya tiba mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa au kuandikishwa. Kijana hachomi sindano, hata kama ameiona ikichomwa mara 100.

Kuna sababu nyingine ya kuwafanya watoto wa mbwa kuwa kiini cha siku hiyo. Wataalamu wanakubaliana kuwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo kunatosha kukata maambukizi ya kichaa. Tatizo ni kuwa mbwa wa vijijini huishi miaka michache na kuzaana kwa kasi, hivyo kila mwaka huongezeka kundi kubwa la wachanga wasio na kinga, na ile asilimia 70 hushuka kimya kimya. Zamani watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu waliachwa wakati wa kampeni. Ushauri wa WHO sasa ni kwamba nao wachanjwe wakati wa kampeni. Kwa ratiba ya kawaida ya daktari, chanjo ya kichaa hutolewa katika wiki ya 12 hivi na kurudiwa kama inavyoelekezwa, ilhali ile ya parvo na distempa huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16.

Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizofanyika kati ya mwaka 2010 na 2014 ziliuondoa ugonjwa huo. Chanjo ilipolegea ulirejea mwaka 2016, na ukadhibitiwa tena baada ya mbwa kuchanjwa upya. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, shirika la Mission Rabies lilianza kazi katika jiji la Blantyre mwaka 2015, likachanja zaidi ya mbwa 35,000 mwaka huo huku likiwafundisha wanafunzi mashuleni namna ya kujikinga. Kwa wilaya ya mpakani kama Kyela, yanayotokea upande wa pili wa mto si habari za nchi ya mbali, kwa kuwa mbwa hawagongi muhuri Kasumulu.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila Septemba 28, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Aliyeitumia kwanza mwaka 1885 alikuwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Shule inayotaka kuanzisha klabu ya wanyama haitapata tarehe nzuri zaidi ya kuanzia, wala hadithi nzuri zaidi ya kusimulia. Klabu kama hiyo haihitaji kufuga mbwa shuleni. Inatosha wanachama wake kuandika orodha ya mbwa wa mitaa yao, waliochanjwa na wasiochanjwa, na kuipeleka kwa afisa mifugo.

Kwa wanaotaka kuendelea

Baadhi ya vijana watagundua kuwa kazi hii ndiyo wanayoitaka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, hutoa shahada ya udaktari wa mifugo ya miaka mitano. Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) hutoa astashahada na stashahada ya afya ya mifugo katika kampasi zake, ikiwamo ya Madaba mkoani Ruvuma. Katika njia zote mbili baiolojia na kemia hazikwepeki, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayezikimbia masomo hayo aambiwe mapema.

Hapo hapo Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wakufunzi wake huwazoesha watoto wa panya hao sauti, harufu na mikono ya watu mapema wanapofumbua macho, kanuni ile ile inayotumika kwa mbwa. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Kwa upande wa mbwa, Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na taasisi ya African Wildlife Foundation imekuwa ikifundisha mbwa wanusaji wa pembe za ndovu na waongozaji wao huko Usa River, mkoani Arusha. Kwa anayeishi Nairobi, kituo cha KSPCA huhifadhi mbwa waliotelekezwa. Hizo ni sehemu za watu wazima na wenye vibali, lakini kijana aliyefika na daftari lake la uzito atakuwa na cha kusema.

Anayeondoka na mbwa

Ikiwa baada ya hayo yote familia imeamua kumpa kijana mtoto wa mbwa, asiondoke kabla ya kutimiza wiki nane. Anayeondolewa katika wiki ya nne au ya tano hukosa maziwa, na hukosa pia kufundishwa na mama na ndugu zake kiasi cha nguvu ya kung'ata katika mchezo. Achaguliwe yule anayesogea mwenyewe, mwenye macho makavu, ufizi mwekundu na kinyesi kigumu. Ufizi mweupe ni dalili ya upungufu wa damu unaotokana na safura au kupe. Kuhara damu kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa hutia shaka ya parvo, ugonjwa unaoua haraka na ambao virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi. Nyumba ya mjini iliyopoteza mbwa kwa ugonjwa huo isilete mwingine mchanga katika ua ule ule kabla ya kuzungumza na daktari.

Safari ya mbwa kutoka wilaya moja hadi nyingine huhitaji kibali cha afisa mifugo, na kuvuka mpaka huhitaji nyaraka zaidi, ikiwamo hati ya afya na uthibitisho wa chanjo. Kibali huombwa siku kadhaa kabla, si asubuhi basi linapowasha injini. Ndani ya basi mnyama akae katika boksi lenye matundu, kivulini, si kwenye buti la mizigo ambamo joto humuua kabla ya kufika Makambako.

Jambo moja husahaulika kila mara. Mama mbwa amebaki Kyela. Kwa kawaida huingia kwenye joto kila baada ya miezi sita hivi, na mimba huchukua miezi miwili. Familia ikitaka, daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi. Gharama yake huulizwa mapema, na zipo familia zinazochangishana kwa ajili hiyo. Isipofanyika hivyo, mwanafunzi aliyeondoka Juni na mtoto mmoja wa mbwa mikononi, akirudi kwa bibi yake mwaka unaofuata, atakuta gunia lile lile nyuma ya jiko na watoto wengine sita juu yake.